Mfugaji wa Balozi

Mtaani walimwita Manyoya, na hakuwa na hoja ya kukataa. Akivaa gauni jeusi, manyoya meupe yanamsuta. Akivaa jeupe, meusi yanamwumbua. Fundi cherehani wa pale kona alikuwa akimwona tu anapita, anapaza sauti: "Manyoya! Leo umemvaa nani?"

"Leo nimemvaa Mwajemi," hujibu bila kusimama. "Na wewe hiyo suruali ya mteja gani?"

Watu wakacheka, yeye huyo, anakwenda zake.

Kazi yake ilikuwa kutunza paka. Si paka hawa wa jaani wanaogombea vichwa vya samaki, la. Hawa walikuwa paka wa nasaba, kila mmoja na cheti chake kinachotaja baba, babu, na babu wa babu, wote kwa majina marefu kama ya wafalme. Manyoya mwenyewe babu yake alimjua kwa kusimuliwa tu, tena kwa jina moja.

Mwenye paka alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mtu wa miwani na kalamu mfukoni. Ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa vyeti ndani ya vioo, ndiyo maana watu wakamwita Mama Cheti, ingawa si mbele yake. Mbele yake alikuwa Mama tu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na vyumba vinne vya paka, chumba cha tangi la maji ya moto ambako mashuka yalianikwa, na mwisho kabisa chumba cha Manyoya. Miaka kumi na tisa aliishi humo.

Alianza na Waajemi kila asubuhi, maana hao ukiwaachia siku moja manyoya yanafungana mafundo. Nyuso zao bapa, kama mtu aliyegonga mlango wa kioo akabaki hivyo hivyo, na machozi yanawatiririka muda wote. Alikuwa akiwafuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu, jicho moja pamba moja. Wapole hao, hawana haraka na dunia. Mwajemi humnyanyui, unambeba kama bibi harusi, na ukimweka chini anakutazama kana kwamba gari limeharibikia njiani.

Kisha Mwingereza, wa kijivu, mashavu kama ya mpiga tarumbeta. Huyo hataki kubebwa. Anataka akae karibu nawe, lakini usimguse, kama karani mzee aliyestaafu. Kisha Wanasesere wawili, macho ya bluu, ambao ukiwainua tu wanalegea mwili wote mikononi kama nguo mbichi. Watu hudhani wamezimia. Kisha Kipara, yule asiye na unyoya hata mmoja, ngozi yake ya makunyanzi na moto kama kikombe cha chai. Wageni walimcheka. Kumbe huyo ndiye mwenye kazi kuliko wote, maana ngozi yake hutoa mafuta, lazima aogeshwe kila wiki, na ukimwogesha anakukumbatia shingoni kama mtoto. Mbengali yeye alikuwa na madoa ya chui na roho ya chui. Alijua kufungua bomba. Alipenda maji, alipenda kupanda, na hakupenda mwingine apendwe.

Wasiamu walikuwa wa mwisho, kwa kuwa ukiwaanza hao hutoki. Wembamba, kichwa kama kabari, macho ya bluu yaliyopinda, na mdomo! Msiamu halii, anatoa hotuba. Chakula kikichelewa anahutubia, mlango ukifungwa anahutubia. Wasiamu wa nyumba ile walikuwa wazuri wa kuchorwa, lakini waliuma. Kwenye maonyesho ya paka, mmoja wao aliwahi kumng'ata mwamuzi kidole, akarudishwa nyumbani kabla hajapimwa mkia.

"Ukoo wa moto huo," Mama Cheti alisema, kwa fahari kidogo.

Manyoya alikuwa na lake moyoni. Aliona Mama Cheti anachagua madume kwa urefu wa pua na upana wa masikio, tabia akiiacha mlangoni. Siku moja akasema, "Mama, yule dume wa daktari wa meno, tumpandishe jike letu."

"Yule? Masikio madogo yule!"

"Masikio madogo, lakini ana utu."

Mama Cheti alicheka mpaka akavua miwani. "Paka ana utu! Haya. Tufanye hivyo kwa uzazi mmoja. Ukipata kitu cha maana hapo, nitakuandika wewe. Kwenye cheti, pale penye mfugaji, nitaweka jina lako."

Mfugaji, katika mambo hayo, si mwenye kumiliki paka. Ni aliyepanga nani azae na nani. Cheti kinaweza kupita mikono kumi, jina la mfugaji halifutiki. Manyoya alikuwa hana cheti cha shule, maana aliacha darasa la nne. Hakuwa na cheti cha ndoa pia, mume aliondoka kabla ya kufika huko. Akaichukua ile ahadi akaiweka mahali ambapo watu wengine huweka dini.

Jike likazaa watatu. Wawili wakafa. Wa tatu mama yake akamkataa, na Manyoya akamlea kwa bomba la sindano, maziwa tone kwa tone, kila saa mbili. Wakati huo alikuwa mweupe pe, kama Wasiamu wote wanapozaliwa. Rangi huja baadaye, na huja pale penye baridi: masikio, pua, miguu, mkia. Tumbo na ubavu vyenye joto hubaki rangi ya maziwa. Alipofika mwaka na nusu uso wake ulikuwa umekolea kahawa, mkia kama umechovywa kwenye wino. Masikio yalitoka makubwa, ya mama. Utu ukatoka wa baba. Alikuwa anaongea, ndiyo, Msiamu ni Msiamu, lakini kwa sauti ya chini kama mtu anayekunong'oneza msibani. Ukimwinua anatulia na kukutazama usoni. Wakamwita Balozi.

"Huyu ataenda maonyesho makubwa," Mama Cheti alisema. "Ng'ombe wa maskini amezaa, Manyoya."

Sasa, Manyoya alikuwa na binti mmoja. Binti huyo alikuwa na pumu. Alipokuwa na miaka sita, kifua kilimbana mpaka midomo ikageuka rangi, na daktari akasema ni paka. Manyoya akauliza, na huyu asiye na manyoya je? Daktari akamwambia, "Mama, ugonjwa hauko kwenye manyoya, uko kwenye mate na ngozi. Wote ni sawa." Basi ikabidi mmoja aondoke, kazi au mtoto, na kazi ndiyo iliyokuwa ikimlisha mtoto. Binti akapelekwa kwa bibi yake. Akakulia huko. Sasa alikuwa mtu mzima, ana mume na mtoto wa kiume, naye mjukuu kifua kilekile. Manyoya alipokwenda kuwaona Jumapili, aliogea kwanza bafu la nje, akavaa gauni alilowekewa kwenye kamba, ndipo akaingia. Miaka yote hiyo binti hakuwahi kumlaumu waziwazi. Mwaka huo tu alisema:

"Mama, njoo ukae na sisi. Chumba kipo. Lakini uje moja kwa moja, usiwe wa kwenda na kurudi."

"Nitakuja mwanangu. Maonyesho yakipita."

"Maonyesho, maonyesho. Paka wana maonyesho, sisi je?"

"Acha niandikwe jina kwanza, mwanangu. Mara moja tu. Halafu nakuja."

Binti akamwangalia vile mtu anavyomwangalia mlevi aliyesema hii ndiyo ya mwisho.

Zilipobaki siku mia moja na kidogo, Mbengali akafungua mlango wa Wasiamu. Kama alivyofungua bomba, hivyo hivyo, akining'inia kwenye kitasa. Manyoya alisikia kelele akiwa na povu la Kipara mikononi. Alipofika, Balozi alikuwa kona, hajapigana. Utu wake huo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umechanika.

Daktari wa mifugo akaja, akatazama, akasema, "Lazima ninyoe hapa. Bila kunyoa usaha utaingia ndani."

"Usinyoe," Manyoya akasema.

"Mama, atakufa."

Akanyoa. Kipande cha ukubwa wa kiganja. Mama Cheti alisimama mlangoni mikono kichwani, na wote wawili walijua jambo ambalo daktari hakulijua au hakulijali. Msiamu ukimnyoa, ngozi inapata baridi, na manyoya yanarudi meusi. Aliwahi kuwapo jike aliyenyolewa tumbo kwa upasuaji, akarudi na doa kama bibi aliyekalia masizi. Mwamuzi gani atampa taji Msiamu mwenye kiraka?

"Basi," Mama Cheti akasema. "Imekwisha."

"Haijaisha," Manyoya akamjibu. "Baridi ndiyo inayoleta weusi. Asipate baridi."

Akachukua sweta lake mwenyewe, la sufu, akakata mkono mmoja, akatoboa matundu manne, akamvisha Balozi. Akamhamishia chumba cha tangi la maji ya moto, mahali ambapo mtu akikaa dakika kumi jasho linamtoka. Usiku alimlaza kitandani kwake, chini ya blanketi, na mfuko wa mpira wa maji ya moto ubavuni. Mchana, kazi ya wengine ikiisha, alikaa naye kwenye joto lile, amempakata. Balozi alimwegemea, akinong'ona habari zake. Manyoya naye akamsimulia zake. Kuna mambo ya binti yake ambayo hakuwahi kumwambia mtu, aliyasema mle. Jumapili tatu hakwenda. Ya nne binti alipiga simu, akamjibu, "Siwezi kumwacha, mwanangu, atapoa."

"Haya mama. Asipoe."

Kila asubuhi Mama Cheti alikuja, akavaa miwani, akafunua sweta, akainamia ubavu. Wiki ya nne vikachipuka vinyoya. Wakashika pumzi. Vilikuwa rangi ya maziwa. Wiki ya nane, maziwa matupu. Wiki ya kumi na tatu huwezi kujua paliumia wapi.

"Mikono yako ina baraka," Mama Cheti akasema, na machozi yakamlenga. Hakuwahi kumwambia hivyo miaka kumi na tisa. "Mimi ningekwisha kata tamaa. Ahadi yangu iko palepale."

Wote wawili walitazama ubavu. Siku zote mia walitazama ubavu.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi mkubwa wenye madirisha marefu. Vizimba vimepangwa safu, na kila kizimba pazia lake. Manyoya alivaa gauni jipya aliloshonewa na yule fundi wa kona, ambaye alikuwa amelipiga pasi na kulifunga kwenye karatasi akisema, "Leo usimvae mtu. Vaa hili tu." Mama Cheti alikuwa na bahasha ya fomu kifuani. Manyoya akamtoa Balozi kwenye kikapu, akamvua sweta, akamsimamisha juu ya meza penye mwanga wa dirisha ili ampitishe brashi.

Hapo ndipo alipoona.

Kwanza alidhani ni mwanga. Akamgeuza. Kuzunguka macho palikuwa na nywele nyeupe, kama mtu aliyevaa miwani. Masikio yaliyokuwa kahawa yalikuwa chai ya maziwa. Mkia ulikuwa umefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mno, nusu yake ya juu karibu haina rangi. Joto halikuchagua. Aliulinda ubavu usipate weusi, na joto lilelile likaula weusi wa kila mahali. Kila siku kidogo kidogo, nywele moja inadondoka, nyingine inaota nyeupe, na wao vichwa chini wanachunguza ubavu. Alijua hilo. Hakuna mtu mjini aliyejua hilo kuliko yeye. Alikuwa amelisema kwa mdomo wake mwenyewe: baridi ndiyo inayoleta weusi.

"Vipi, tayari?" Mama Cheti akauliza.

Manyoya akaendelea kupitisha brashi mkiani. Alijiambia labda mwamuzi ataangalia kichwa. Labda masikio. Labda utu.

"Tayari, Mama."

Mwamuzi alikuwa bwana mrefu, mikono safi kama ya mpishi. Akamwinua Balozi, akamnyoosha hewani. Balozi akatulia, akamtazama usoni, akanong'ona kidogo. Mwamuzi akatabasamu.

"Ehee, habari za nyumbani," akamwambia paka. Watu wakacheka. Akamweka mezani, akampapasa mgongo, akabonyeza mkia, akamfungua mdomo. Balozi akafunguka. "Nimepima Wasiamu miaka mingi. Hawa huwa naingia nao vitani. Tabia kama hii sijaiona. Kichwa kizuri. Masikio mazuri." Akamwelekeza kwenye dirisha, akapitisha kidole pembeni ya jicho kinyume cha manyoya. "Lakini hii nini?"

Akakigeuza kichwa upande wa pili.

"Nyeupe usoni. Masikio yamepauka. Mkia huu..." Akauinua kama anayenunua kamba. "Paka huyu ameugua homa, au amefungiwa tanurini. Hii ni dosari ya kutolewa mashindanoni, bibi. Siwezi hata kumpa nafasi ya mwisho."

Mama Cheti aliinama akatazama. Sasa aliona. Nyuma yake walisimama watu aliofahamiana nao kwa miaka thelathini, wote na vyeti vyao ukutani, na wote walikuwa wamenyamaza kwa utamu ule wa watu wanaosubiri jirani aanguke.

Karani wa waamuzi akavuta fomu, kalamu mkononi. "Naandika ametolewa. Mfugaji ni wewe mwenyewe, Mama, sivyo? Imeandikwa hapa."

Manyoya alisikia vizuri. Imeandikwa hapa.

"Hapana," Mama Cheti akasema haraka. "Hapo pana kosa. Lete hiyo kalamu."

Akainama mezani. Manyoya alikuwa nyuma ya bega lake, akaona kila kitu. Kwenye mstari wa mfugaji palikuwa na jina la Mama Cheti, kwa mwandiko wake ule mzuri wa mwalimu, wino wa bluu, umetulia, umenyooka, mwandiko wa mtu aliyekaa mezani kwake na chai pembeni. Tarehe iliyokuwa chini yake ilikuwa ya miezi mitano nyuma, kabla ya Mbengali, kabla ya sweta, kabla ya mikono yenye baraka. Mama Cheti akapiga mstari juu ya jina lake, mara mbili. Juu yake akabana jina la Manyoya, lote, lake na la baba yake, herufi zikigongana kwa kukosa nafasi.

"Mfugaji ni huyu," akasema, akimwonyesha kwa kalamu bila kumtazama. "Mtumishi wangu. Nilimwachia ajaribu."

Karani akasimama, akasoma kwa kipaza sauti, kama ilivyo utaratibu, ukumbi mzima usikie. Paka Balozi, dume, wa Siamu. Mmiliki fulani. Mfugaji, na hapo akalisoma jina, polepole, maana lilikuwa limebanwa. Ametolewa kwa dosari ya rangi.

Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kusomwa hadharani tangu orodha ya darasa la nne.

Njiani kurudi Mama Cheti aliongea neno moja tu, tena akiwa ametazama dirishani. "Atahasiwa Jumatatu. Atakayemtaka amchukue. Hata bure." Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya kawaida, "Na Waajemi hawajachanwa tangu jana."

Kikapu kilikuwa magotini mwa Manyoya, na ndani yake Balozi alikuwa akinong'ona. Nakala ya fomu, ile ya mfugaji, karani alikuwa amempa mkononi. Aliikunja mara nne.

Ilikuwa Jumapili. Akawachana Waajemi, jicho moja pamba moja, kisha akaenda kwa binti yake. Akaoga bafu la nje, akavaa gauni la kwenye kamba. Fomu aliihamisha kutoka gauni hadi gauni.

Binti alimfungulia mlango na kabla hajakaa akauliza, "Enhe? Imekuwaje?"

Manyoya akamtazama. Binti huyu alijua kusoma vizuri, alimaliza shule yote, kwa mshahara wa paka.

"Jina langu limesomwa ukumbini," akasema.

"Kweli, mama?"

"Kweli. Lote. Kwa kipaza sauti."

Binti akaweka mkono mdomoni. Miaka mingi hakuwahi kumwangalia mama yake namna ile. "Na cheti? Wamekupa cheti? Kilete tukitundike pale, juu ya kabati, baba mtoto atanunua kioo."

"Kiko kwa Mama Cheti," Manyoya akasema. Karatasi ilikuwa mfukoni, pajani, ikimchoma. "Yeye ndiye mtu wa vyeti."

"Ah, huyo naye! Lazima akutolee. Ni chako hicho." Binti alikuwa ameshafika mlangoni, ametoa kichwa nje. "Jirani! Jirani, njoo usikie! Si nilikwambia habari za mama na paka wake? Basi leo ametangazwa ukumbi mzima!"

Jirani akaja mbio, mikono ina unga wa sabuni, akaifuta kwenye kanga, akanyoosha mkono.

"Hongera, mama! Hongera sana. Si mchezo hiyo."

Manyoya akasimama, kwa kuwa hongera hazipokelewi umekaa. Akaupokea ule mkono.

"Asante, mwanangu," akasema. "Asante."